SOMO LA 12: MTOTO ANAPOULIZA "KWA NINI?"

Maneno ya kujifunza: sayansi, swali, jaribio, kupima, tanuru, barafu.

1. Swali la jioni

Tuseme ni jioni hapa Ngenge. Ni msimu wa senene. Taa inawaka uani na senene wanakuja kwa wingi. Mtoto wako wa miaka 9 amekamata wawili. Mmoja ni wa kijani. Mwingine ni wa kahawia. Anakuuliza, "Baba, kwa nini wanafuata taa? Na hawa ni ndugu, au kila mmoja ana kabila lake?"

Wewe umechoka. Tena jibu hulijui. Ni rahisi kumwambia, "Acha maneno mengi, kamata senene."

Mtoto atanyamaza. Kesho atauliza kidogo. Keshokutwa hatauliza kabisa. Hapo umepata hasara, ingawa hakuna kilichopungua ghalani. Maana sayansi huanza na swali kama hilo. Mtu huona jambo, huuliza, hujaribu, hupima, kisha huwaeleza wenzake alichokiona.

2. Mwanafunzi aliyechekwa

Mwaka 1963 kijana mmoja Mtanzania, Erasto Mpemba, alikuwa mwanafunzi wa sekondari ya Magamba, huko Lushoto. Yeye na wenzake walikuwa wakitengeneza aiskrimu. Walichemsha maziwa na sukari, wakayaacha yapoe, kisha wakayatia katika jokofu ili yagande.

Siku moja nafasi katika jokofu ilikuwa inakwisha. Mpemba hakungoja maziwa yake yapoe. Aliyaingiza yakiwa ya moto. Mwenzake aliingiza maziwa ambayo hakuyachemsha. Walipofungua baadaye, maziwa ya Mpemba yalikuwa yameganda. Ya mwenzake yalikuwa bado.

Mpemba alimwuliza mwalimu. Akajibiwa kwamba amekosea, jambo hilo haliwezekani. Alipofika sekondari ya Mkwawa, Iringa, aliuliza tena, akafanyiwa mzaha. Lakini hakuacha. Siku moja Dr. Denis Osborne wa Chuo Kikuu, Dar es Salaam, alikuja kuzungumza na wanafunzi. Mpemba alisimama akauliza swali lile lile. Wenzake wakacheka. Mgeni hakucheka. Aliporudi Dar es Salaam alitaka jambo hilo lijaribiwe. Mwaka 1969 Mpemba na Osborne waliandika habari hiyo katika jarida la wataalamu.

Leo jambo hilo linaitwa kwa jina la Mpemba duniani kote. Wataalamu bado wanabishana. Wengine wamejaribu na kuliona, wengine wamejaribu wasilione. Lakini ubishi huo wote ulitoka kwa mwanafunzi aliyeamini macho yake akakubali kuchekwa.

Je, wazazi tungemjibu nini Mpemba kama angetuuliza jikoni?

3. Kitabu kizuri cha mtoto

Wako watoto wenye maswali mengi wasio na kitabu cha kuwasaidia. Vitabu vya hadithi za Kiswahili vipo, navyo ni vizuri. Mwaka 1991 ulianzishwa Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, ili vitabu vya Kiswahili vichapishwe na kuwafikia watoto shuleni. Lakini mtoto anahitaji pia vitabu vya kumfungua macho aone wadudu, mimea, nyota, mashine, hesabu na michoro.

Utakijuaje kitabu kizuri cha namna hiyo? Tazama mambo manne.

Kwanza, lugha yake ni nyepesi. Mtoto anaelewa bila kukariri.

Pili, picha zake ni za kweli. Kama ni picha ya senene, hesabu miguu. Iwe 6. Miguu ya nyuma iwe mirefu, maana ndiyo ya kurukia. Mchoraji aliyeweka miguu 4 hakumtazama senene.

Tatu, kitabu kinauliza. Hakisemi tu, "Mambo yako hivi." Kinasema, "Wewe unaonaje? Jaribu."

Nne, kinatoa kazi ya mikono: kuchora, kuhesabu, kupima, kusuka au kuunda kitu. Mtoto anayemchora senene hujifunza kumtazama vizuri. Mtoto anayesuka mkeka wa mapambo huhesabu kila ukindu. Hapo sanaa na hesabu zinakwenda pamoja.

Kitabu cha namna hiyo kingemjibu mtoto wetu wa jioni. Kingemwambia kwamba mwanga wa taa huwapotosha wadudu wengi warukao usiku. Kingemwambia pia kwamba senene wa kijani na wa kahawia ni wa aina moja, ila rangi tu.

4. Sayansi si ya wageni

Wako watu wanaodhani kwamba sayansi ilikuja na meli. Si kweli. Huko Katuruka, Maruku, katika Wilaya ya Bukoba, yamechimbuliwa mabaki ya kazi ya chuma ya yapata miaka 2,000 iliyopita. Wazee wa Buhaya walijua kuchagua mawe yenye chuma, kuchoma mkaa, kujenga tanuru na kuvuvia moto kwa mivukuto. Hewa ilipita katika mabomba ya udongo mpaka ndani ya moto.

Katika miaka ya 1970, wazee waliowahi kufanya kazi hiyo ujanani walijenga tena tanuru, wakayeyusha chuma mbele ya wataalamu. Mwaka 1978 Peter Schmidt na Donald Avery waliandika habari zao katika jarida kubwa la sayansi la Marekani. Dunia ikasoma.

Je, mtoto wako anajua habari hiyo? Kama hajui, mwambie leo. Akishika jembe, ajue kwamba babu zake walijua kutoa chuma katika jiwe.

5. "Mimi mwenyewe nasoma polepole"

Mzazi mmoja anaweza kusema, "Nimejifunza kusoma ukubwani. Mtoto wangu ananishinda. Nikisoma naye atanicheka."

Usiogope. Mwaka 1968 ulianza mradi wa kisomo katika mikoa ya Ziwa Victoria. Mmoja wa mikoa hiyo ulikuwa Ziwa Magharibi, ambao sasa ni Kagera. Watu wazima walijifunza kusoma kwa vitabu vya kazi zao: migomba, pamba, ng'ombe, uvuvi. Kitabu kilisema jambo, na mkulima alilipima kwa kazi aliyoizoea.

Fanya hivyo na mtoto wako. Yeye asome maneno, wewe umwonyeshe kitu chenyewe kibanjani. Yeye ana macho mepesi, wewe una miaka mingi ya kutazama. Penye neno gumu, mwambie, "Mwanangu, hapa nisaidie." Mtoto anayemwona mzazi wake akijifunza hataona aibu kujifunza. Na usipojua jibu, sema, "Sijui. Tutafute pamoja." Neno hilo halimwondolei mzazi heshima.

6. Jaribio la ndizi

Jaribio hili halina gharama. Lifanyeni pamoja nyumbani.

Chukueni vyungu viwili vya ukubwa mmoja, vyenye vifuniko. Kateni ndizi mbichi zilizokomaa kutoka mkungu mmoja. Tieni ndizi 4 katika kila chungu. Katika chungu cha kwanza ongezeni ndizi moja iliyoiva sana. Funikeni vyote. Viwekeni mahali pamoja penye kivuli.

Kabla ya kufungua, kila mtu aseme anachotazamia. Kisha fungueni mara moja kila siku. Mtoto aandike tarehe, ahesabu ndizi zilizogeuka njano, azichore.

Ndizi iliyoiva hutoa hewa isiyoonekana, nayo huziivisha ndizi za jirani. Lakini msiyakubali maneno haya kwa sababu yameandikwa tu. Yapimeni kwa vyungu vyenu.

7. Maswali ya kujadiliana

1. Mpemba alichekwa mara ngapi? Kwa nini hakuacha?
2. Taja mambo manne ya kitabu kizuri cha mtoto.
3. Wazee wa Buhaya walihitaji kujua nini ili wapate chuma?
4. Wiki hii mtoto wako alikuuliza nini? Ulimjibuje?

Kazi ya darasa: Kila mwanakisomo aandike swali moja aliloulizwa na mtoto. Yasomeni yote kwa sauti. Chagueni moja mnaloweza kulijaribu wenyewe, mlijaribu, kisha mlete majibu katika somo lijalo. Waleteni na watoto.