SAFARI NDEFU ZA KILA SIKU NA AFYA YA FAMILIA

Katika ukurasa wetu wa afya mwezi huu tunapenda kuzungumzia jambo ambalo wengi hatulihesabu kuwa ni la afya. Jambo lenyewe ni safari ya kila siku kati ya nyumbani na kazini. Tutachukua mfano wa jiji la Dar es Salaam na vitongoji vyake.

Mambo yalivyobadilika

Katika sensa ya mwaka 1967, Dar es Salaam ilikuwa na watu wapatao 273,000. Wafanyakazi wengi waliishi Kariakoo, Ilala, Magomeni na Temeke. Waliokwenda bandarini, relini au viwandani walitembea kwa miguu, walipanda baiskeli au basi. Mwaka 1983 serikali iliruhusu watu binafsi kuleta magari ya abiria, na ndipo daladala zikaenea. Wazee wetu bado wanayakumbuka yale ya "chai maharage", yenye mabenchi ya kutazamana.

Sensa ya mwaka 2022 ilionyesha kuwa mkoa wa Dar es Salaam una watu zaidi ya 5,380,000. Viwanja vya karibu na mjini vimekwisha au bei yake haishikiki. Hivyo familia zimehamia Chanika, Mbagala, Chamazi, Goba, Bunju, Kibamba, Kigamboni na hata Kibaha, ambayo iko katika mkoa wa Pwani. Nyumba zimekwenda mbali, lakini kazi, masoko na ofisi nyingi zimebaki mjini.

Njia za kusafiri nazo zimebadilika. Treni za abiria wa jijini zilianza mwezi Oktoba 2012. Mabasi ya mwendokasi yalianza mwezi Mei 2016 kati ya Kimara na katikati ya jiji, na njia nyingine zimeendelea kujengwa baadaye. Hata hivyo, mtu anayeishi ndani zaidi huanza na bodaboda au bajaji hadi barabara kuu, hupanda daladala, kisha hubadilisha gari tena. Safari moja imekuwa safari tatu, na kila moja ina foleni yake.

Tufanye hesabu

Tumtazame mama mmoja anayeishi Chanika na kufanya kazi Posta. Anaamka saa 10:00 alfajiri na kutoka nyumbani saa 10:45, ili awahi gari kabla foleni haijakaza. Anafika kazini saa 1:30 asubuhi. Jioni anatoka saa 11:00 na kufika nyumbani saa 2:00 usiku. Akishapika, kula, kufua sare za watoto na kuoga, analala saa 5:00 usiku.

Kwa hesabu hiyo yuko njiani saa 5 na dakika 45 kila siku. Kwa siku tano za kazi ni saa 28 na dakika 45, yaani zaidi ya mchana na usiku mzima katika kila juma. Naye analala saa 5 tu, wakati mtu mzima anahitaji saa 7 au zaidi. Kufikia Ijumaa ana deni la usingizi la saa 10. Ndiyo maana baadhi yetu husinzia wakati wa mahubiri ya Dominika. Padre asidhani ni dharau.

Usingizi pungufu wa muda mrefu si uchovu tu. Huongeza hatari ya shinikizo la damu, kisukari na unene. Hupunguza kinga ya mwili na kumfanya mtu awe na hasira za haraka. Anayeonja hasira hizo ni mume, mke au mtoto aliyemwaga maji kidogo tu.

Mambo ya kuzingatia

1. Usingizi. Yanayoweza kufanyika jioni yasingoje alfajiri: sare, viatu, vitabu na chakula cha kubeba. Simu na televisheni zizimwe mapema. Mama akirudi saa mbili usiku, baba na watoto wakubwa wawe wamekwisha kupika. Kazi za nyumbani si za mama peke yake. Ukipata kiti garini, hata dakika ishirini za usingizi husaidia, lakini mkoba uushike mbele.

2. Chakula na maji. Usitoke na tumbo tupu ukategemea chapati na soda ya kituoni kila siku. Kiazi kitamu, muhogo wa kuchemsha, yai au uji kwenye chupa ya chai ni bora na ni rahisi kwa mfuko. Akina mama wengi huacha kunywa maji kwa kuogopa kukosa choo njiani. Tabia hii, pamoja na ile ya kubana mkojo, huweza kuleta maambukizi ya njia ya mkojo. Kunywa maji ya kutosha ukifika kazini na nyumbani, na uende chooni kabla ya kupanda gari.

3. Hewa. Kifua kikuu huenea kwa njia ya hewa, hasa mahali palipobanana na madirisha yamefungwa. Fungueni madirisha ya gari, hata kama mwenzako analalamikia upepo. Anayekohoa afunike mdomo kwa kitambaa au kiwiko. Mwenye kikohozi cha wiki mbili au zaidi aende kupimwa. Katika vituo vya serikali kipimo na dawa za kifua kikuu hutolewa bila malipo.

4. Mwili. Kukaa au kusimama saa nyingi huvimbisha miguu na kuumiza mgongo. Nyoosha vifundo vya miguu ukiwa umekaa. Penye usalama, shuka kituo kimoja kabla na utembee. Mguu mmoja ukivimba na kuuma ghafla, nenda hospitali bila kuchelewa. Wajawazito na wazee tuwapishe viti. Kwenye bodaboda vaa kofia ngumu na kuifunga kidevuni, hata kama safari ni fupi.

5. Dawa. Hapa tunaomba tusikilizwe kwa makini. Wako wagonjwa wa shinikizo la damu wanaoacha vidonge siku za kazi kwa sababu baadhi ya vidonge hivyo huleta mkojo mara kwa mara, nao wako kwenye foleni. Matokeo yake huweza kuwa kiharusi. Usiache dawa. Mweleze daktari au muuguzi ratiba yako ya safari, atakushauri saa inayofaa au kubadilisha dawa. Wanaotumia dawa za kisukari au za kupunguza makali ya UKIMWI nao wasisafiri bila dozi ya siku hiyo.

Watoto wetu

Mtoto wa shule ya msingi anahitaji kulala saa 9 hadi 12. Anayeamshwa saa kumi usiku ili awahi gari la shule, naye alilala saa nne, amepata saa 6 tu. Mwalimu atasema ni mzito wa akili, kumbe ana usingizi. Kabla ya kumpeleka mtoto shule ya mbali kwa sababu ya jina lake, wazazi tupime pia saa atakazopoteza njiani. Shule ya karibu yenye walimu wanaojitahidi huenda ikamfaa zaidi.

Tukumbuke pia kuwa mtoto anayemwona baba yake Jumapili tu hukua kama mtoto wa jirani. Kama jioni haiwezekani, tafuteni nafasi nyingine: Jumamosi asubuhi, au chakula kimoja katika juma ambacho hakuna anayekikosa.

Kabla ya kununua kiwanja

Kila mtu hutamani kuondoka kwenye nyumba ya kupanga, na kuwa na kwako ni heri. Lakini bei ya kiwanja si ile unayomlipa muuzaji peke yake. Ongeza nauli za wote nyumbani, na saa za usingizi zitakazokatwa kwa miaka mingi. Panda magari ya huko siku ya Jumatatu asubuhi, si Jumapili mchana barabara zikiwa tupu, ndipo uamue. Waliokwisha kuhamia wasikate tamaa. Wengine wameomba zamu nyingine kazini, wengine wamehamishia biashara karibu na nyumbani.

Maswali ya kujadili katika familia na jumuiya

1. Kila mmoja wetu hutumia saa ngapi njiani, na hulala saa ngapi?
2. Ni kazi gani ya nyumbani tunayoweza kumpunguzia anayerudi wa mwisho?
3. Katika jumuiya yetu yuko nani aliyeacha dawa au anayekohoa muda mrefu kwa kukosa siku ya kwenda kituo cha afya? Tutamsaidiaje?