Kasi Inapotelea Wapi? Kijitabu cha Mwenye Rauta Nyumbani, Mwanza na Mwambao wa Ziwa Victoria

Video ikianza kuzungukazunguka katikati ya mechi, wengi wetu hukimbilia kununua kifurushi kikubwa zaidi. Fedha ikishatoka na hali ikabaki ileile, lawama zinahamia kwa kampuni ya simu. Pengine kampuni ina makosa kweli. Ila kabla ya kulipa au kulaumu, jiulize jambo moja: kasi inapotea ndani ya nyumba, kati ya rauta na simu yako, au inapotea nje kabla ya kuifikia rauta? Aliye na tatizo la ndani anaweza kuongeza kifurushi mara mbili na chumba cha nyuma kikabaki vilevile.

Kupima

Zima rauta kwenye swichi ya ukutani, hesabu hadi thelathini, kisha iwashe na usubiri dakika tatu hivi taa zitulie. Rauta iliyokaa wiki nyingi bila kuzimwa mara nyingi huchangamka kwa hatua hii peke yake, na kama ndivyo ilivyokuwa kwako, huna haja ya kuendelea kusoma leo.

Kama bado inasuasua, waombe wa nyumbani waweke simu chini na runinga izimwe. Simama hatua mbili kutoka kwenye rauta, fungua programu au tovuti yoyote ya kupimia kasi, na uandike namba inayotokea. Nenda kwenye chumba kinachosumbua, pima tena. Mwenye kompyuta aichomeke kwenye rauta kwa waya wa mtandao, maana kipimo cha waya hakipiti hewani na kinaeleza vizuri zaidi kinachoingia nyumbani. Rudia alfajiri, kisha saa mbili usiku.

Namba ikiwa nzuri karibu na rauta na mbaya chumbani, tatizo ni la nyumba yako. Ikiwa mbaya hata kwa waya, saa zote, tatizo liko nje. Ikiwa nzuri alfajiri na mbaya usiku tu, wateja wengi wa eneo lako wanatumia njia moja kwa wakati mmoja, na hapo hata rauta ya bei mbaya haitakusaidia.

Usisahau vizio. Kampuni huuza kasi kwa megabiti kwa sekunde, Mbps, lakini mafaili ya simu hupimwa kwa megabaiti, na megabaiti moja ni megabiti nane. Kifurushi cha Mbps 10 kinapakua megabaiti 1.25 tu kwa sekunde. Filamu ya megabaiti 700 itachukua dakika tisa na ushee hata kama kila kitu kiko sawa. Malalamiko mengine yanaishia hapa.

Mawe, zege na mabati

Mwanza imejengwa juu ya mawe ya matale. Kwenye miinuko ya Isamilo, Bugando au Mabatini utakuta nyumba zilizobanwa kati ya majabali, na nyingine jabali lenyewe ndilo ukuta wa nyuma. Msingi ni wa mawe, nguzo na ngazi ni za zege lenye nondo, milango na madirisha yana grili za chuma, juu kuna mabati. Ni nyumba imara sana, na kwa mawimbi ya waifai ni nyumba ngumu. Mbao yanapita bila shida kubwa. Tofali linayapunguza kiasi. Ukuta mnene wa mawe na zege la ghorofa huyadhoofisha sana, na chuma huyarudisha yalikotoka. Maji nayo huyameza: simtanki iliyojaa, ikiwa imesimama kati ya rauta na chumba, ni kizuizi cha kweli. Nasi tunaoliona ziwa dirishani bado tunaweka maji ya akiba, kwa hiyo angalia tangi lako liko wapi.

Fundi akija kufunga huduma huiacha rauta pale waya unapoingilia, kwa kuwa ndipo kazi inapoisha haraka. Mara nyingi ni kona ya sebule, nyuma ya runinga, au ndani ya kabati la vyombo. Runinga ni bamba kubwa lenye chuma ndani yake. Mwombe fundi aongeze mita chache za waya siku hiyohiyo, akiwa bado na ngazi yake, ili rauta ikae katikati ya nyumba, mahali pa wazi, juu kidogo ya kichwa cha mtu. Kama ina antena za nje, zisimamishe wima. Antena iliyolazwa hupeleka sehemu kubwa ya nguvu yake juu na chini, na anayekaa nyumba ya chini haihitaji huko.

Rauta nyingi za sasa hutoa waifai mbili, ya gigahezi 2.4 na ya gigahezi 5. Ya kwanza inafika mbali na inapenya kuta vizuri zaidi, lakini ni ya polepole na imejaa watu. Ya pili ina kasi kubwa ila inachoka upesi ikikutana na ukuta. Zipe majina mawili tofauti. Runinga iliyo chumba kimoja na rauta itumie ya 5, simu ya chumba cha nyuma itumie ya 2.4.

Kwenye miinuko yetu msongamano wa gigahezi 2.4 ni mkubwa kuliko mtu anavyodhani. Nyumba zimepangana kama ngazi, kwa hiyo aliye juu anapokea waifai za majirani wengi wa chini yake bila ukuta wowote katikati. Masafa hayo yamegawanywa katika chaneli, na nyingi zinaingiliana. Zisizoingiliana ni 1, 6 na 11. Kuna programu za bure za simu zinazoonyesha kila waifai ya jirani iko chaneli gani. Ingia kwenye mipangilio ya rauta, acha chaneli iliyojaa, chagua kati ya hizo tatu ile yenye majirani wachache au walio mbali. Anwani ya kuingilia na neno la siri la kuanzia vimebandikwa chini ya rauta. Anwani yenyewe aghalabu ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Oveni ya maikrowevu nayo hufanya kazi karibu na masafa hayo, hivyo mtandao ukianguka kila chakula kikipashwa moto, umeshampata mhusika.

Vile vifaa vidogo vya kurudia waifai vinavyouzwa madukani hatuvipendekezi kama hatua ya kwanza. Vingi hupokea na kutuma kwa redio ileile, kwa hiyo hupunguza kasi karibu nusu. Ukilazimika kununua, kiweke katikati ya njia, pale ambapo waifai bado ina nguvu. Kikiwekwa kwenye chumba kisicho na mtandao kitarudia udhaifu uleule. Waya uliovutwa hadi chumba cha nyuma na kufungiwa rauta ya pili unashinda, na gharama yake haitofautiani sana.

Wanaotumia bila wewe kujua

Ukiwa ndani ya mipangilio ya rauta, tazama orodha ya vifaa vilivyounganishwa. Neno la siri lililotolewa kwa mgeni mmoja wakati wa msiba au harusi linaweza kuwa mtaani hadi leo. Libadilishe, na ubadilishe pia lile la kuingilia mipangilio, maana wengi hulisahau hilo la pili.

Wakati mwingine mlaji ni kifaa chako mwenyewe. Simu zinazopeleka nakala za picha usiku, kompyuta inayojisasisha, na hasa kamera za ulinzi zinazotuma video nje muda wote. Watu hutazama kasi ya kupakua peke yake. Njia ya kupakia ikijaa, hata kurasa ndogo huchelewa kufunguka, kwa sababu simu yako haiwezi hata kutuma ombi la kuzifungua. Mwenye duka mwenye kamera nne na mtandao unaosota aanze kwa kuzichomoa kamera hizo kwa dakika kumi, kisha apime.

Umeme, joto na radi

Rauta inayojizima na kujiwasha yenyewe mara nyingi ina chaja isiyo yake. Soma maandishi yaliyo chini ya rauta: volti lazima zilingane, na ampea za chaja zisipungue zinazotakiwa. Nyumba isiyo na dari chini ya bati inapata joto kali mchana, basi usiitundike rauta karibu na paa wala usiifunike kwa kitambaa cha mapambo.

Ziwa letu hutengeneza ngurumo nyingi, hasa usiku na kuelekea alfajiri. Radi zikianza, chomoa umeme na waya wa mtandao. Rauta iliyopigwa si lazima ife yote. Huenda ikabaki inawaka, tundu moja la waya likiwa limekufa. Kwa hiyo baada ya mvua kubwa jaribu tundu jingine kabla ya kununua rauta mpya.

Tatizo likiwa nje

Kwa wateja wa faiba, angalia taa yenye maandishi LOS kwenye kifaa cha kampuni. Ikiwa nyekundu, mwanga haufiki. Tazama kama ule waya mwembamba umekunjwa kwa nguvu nyuma ya kochi au umebanwa na mlango. Ndani yake kuna kioo. Usiukate wala kuuunganisha mwenyewe.

Rauta ya laini inataka uvumilivu wa kuhamahama. Ndani ya mipangilio yake utaona nguvu ya mnara kwa namba hasi: 90 hasi ni nzuri, 110 hasi ni dhaifu. Isogeze kutoka dirisha hadi dirisha, ukisubiri dakika moja kila mahali. Kwa wakazi wa mwambao na visiwani, Ukerewe na kwingineko, juu ya maji hakuna kilima wala jengo la kuzuia mawimbi, hivyo rauta inaweza kung'ang'ania mnara wa ng'ambo ulio mbali na kuacha wa karibu uliojificha nyuma ya mwamba. Ihamishie upande wa nyumba usiotazama ziwa, upime upya.

Kuna siku kosa liko mbali kabisa. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo miwili ya baharini, EASSy na Seacom, ilikatika upande wa kusini mwa Afrika, na intaneti ikazorota Tanzania nzima, Mwanza ikiwemo. Siku kama hiyo, mitandao yote ikiwa mibovu kwa pamoja na majirani wakilia kilio kimoja, usiguse mipangilio ya rauta.

Kulalamika

Soma kwanza masharti ya kifurushi. Vingine huitwa vya bila kikomo lakini kasi hupunguzwa ukishavuka kiasi fulani cha matumizi, na hilo si hitilafu.

Kama vipimo vyako vya waya, vya siku tatu tofauti, viko chini sana ya ulichonunua, mpigie mtoa huduma. Usiseme tu kwamba mtandao uko chini. Taja tarehe, saa, namba ulizopata, na kwamba ulipima kwa waya. Omba namba ya lalamiko na uiandike, pamoja na jina la aliyekuhudumia. Asiposhughulikia, lipeleke lalamiko hilo Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, ambayo ina ofisi ya Kanda ya Ziwa jijini Mwanza. Lipo pia Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano, lililoundwa chini ya sheria ya TCRA ya mwaka 2003 kwa ajili ya kutetea mtumiaji. Nenda na karatasi ya vipimo, nakala ya mkataba au risiti ya kifurushi, na ile namba ya lalamiko, kwa sababu jambo la kwanza utakaloulizwa ni kama ulianza kwa mtoa huduma.