Amri ya Saba na Daftari la Madeni

Somo: 2 Wafalme 4:1–7, Mithali 3:27–28

Mwezi huu twataka kujifunza neno ambalo huenda mtu akasema ni la sokoni, wala si la kanisani. Nalo ni hili: yatupasaje kuwasaidia ndugu wafanyao biashara ndogo kati yetu?

Hapa Ilembo, katika mji wa Mpanda, wako wengi: mama akaangaye maandazi kabla ya mapambazuko, fundi cherehani wa barazani, kijana azibaye mipira ya baiskeli, mwenye genge la nyanya na dagaa, mwuza asali na karanga. Mji huu uliletewa reli kutoka Kaliua mwaka 1950 kwa ajili ya mgodi wa madini ya risasi. Mgodi ule ulikoma zamani, lakini watu hawakukoma kula wala kuvaa. Tena tangu mwaka 2012 Mpanda ni makao makuu ya Mkoa wa Katavi. Basi mambo makubwa huja na kuondoka, lakini wachuuzi wadogo hutulisha kila siku.

Amri ya Saba yatukataza kuiba. Wengi hudhani mwizi ni yule avunjaye mlango usiku. Lakini Daktari Martin Luther, katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, hakuishia hapo. Alifundisha ya kuwa amri hii yatutaka pia kumsaidia jirani, mali yake na riziki yake zipate kustawi na kulindwa. Kumbe kumtunza mchuuzi si hisani tu. Ni kumtii Mungu. Na tuangalie njia zake.

1. Kulipa deni. Tulimjua mjane mmoja wa usharika, ambaye meza yake ya maandazi ilitoweka ghafula. Tulipomwendea kumpa pole, tukidhani ni mgonjwa, alituletea daftari lake. Majina yaliyoandikwa humo karibu yote yalikuwa ya watu wa kanisani, na jina letu lilikuwamo. Tulikuwa tumechukua maandazi ya wageni asubuhi nne, na kila mara tulisema, "Kesho, mama." Yeye hakuthubutu kumdai mchungaji wake.

Na tufanye hesabu. Mtu ananunua unga, sukari na mafuta kwa shilingi 20,000. Akiuza vyote atapata 26,000. Faida yake ni 6,000. Wateja wakichukua kwa mkopo vitu vya 8,000, mkononi mwake zimebaki 18,000. Faida yote imekwenda, na mtaji umepungua 2,000. Kesho yake ataanza na hizo 18,000. Wakimkopa tena kadiri ile ile, jioni ya siku ya nne hatakuwa na hata nusu ya mtaji wake. Hakuna aliyeiba meza yake. Sote tumeichukua kipande kipande. Wazee walisema: Kukopa harusi, kulipa matanga. Na Mithali 3:28 yatuonya tusimwambie jirani arudi kesho, na hali kitu chake tunacho.

2. Kununua kwa bei ya haki. Mithali 20:14 yamtaja mnunuzi akitukanaye kitu mbele ya mwenyewe, kisha akaenda zake akijisifu. Je, sisi si watu hao? Twabishana na bibi kizee kwa ajili ya shilingi mia ya mchicha, lakini katika duka kubwa twalipa bila neno. Kupatana bei si dhambi. Kumnyang'anya mnyonge kwa maneno ni dhambi.

3. Kuanza na walio karibu. Kwaya ikitaka sare, wazee na wamtazame kwanza fundi wa mtaani, nao wampe fedha ya kitambaa mapema, asije akaingia deni kwa ajili yetu. Semina ikitaka chakula, na waitwe mama lishe wa jirani. Kazi ikiwa na kasoro, mwambieni kwa faragha na kwa upendo apate kuitengeneza. Msimwache kimya na kumsema nyuma yake.

4. Kuweka akiba pamoja. Mchuuzi akikosa mtaji huenda kwa mkopeshaji wa riba kali, naye humla mpaka mfupani. Huko Ujerumani, Friedrich Wilhelm Raiffeisen, Mkristo aliyekuwa mkuu wa kijiji, aliona wakulima wakiangamia hivyo. Mwaka 1864 akaanzisha pale Heddesdorf chama cha watu kukopeshana wao kwa wao. Kwetu vikundi vya vicoba vyafanya kazi ya namna hiyo. Tena sheria ya mwaka 2018 iliziagiza halmashauri kutenga sehemu 10 katika kila 100 za mapato yao ya ndani, ziwe mikopo isiyo na riba kwa vikundi: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023, ikarudishwa mwaka 2024. Mwinjilisti ajuaye kusoma na kuandika na awasaidie wajane kujaza karatasi hizo.

5. Neno kwa mchuuzi mwenyewe. Nawe usitie kidole katika mizani, wala usifiche nyanya mbovu chini ya nzuri. Mithali 11:1 yatuonyesha ya kuwa Bwana huchukizwa na mizani ya hila. Uaminifu wako ndio mtaji usioliwa.

Sasa tumtazame yule mjane wa 2 Wafalme 4. Mwenye kumdai alikuwa akija kuwachukua wanawe. Elisha alimwagiza aazime vyombo kwa jirani, navyo vikajaa mafuta. Kisha akamwambia auze, alipe deni, na kuishi kwa yaliyosalia. Muujiza ulitoka kwa Bwana, lakini vyombo vilitoka kwa jirani. Wala hatusomi ya kuwa jirani hao walikuja baadaye kudai mafuta ya bure kwa kuwa walimwazima.

Sisi tulilipa deni letu siku ile ile, tukaomba radhi. Jumapili iliyofuata tulisoma Mathayo 5:23–24, nasi tuliungama kosa hili mbele ya usharika. Wengine walikwenda kulipa, na yule mama amewasha tena jiko lake. Lakini majina yote hayajafutwa. Na Jumapili ya Meza ya Bwana huwadia: mama huyo hupiga magoti kati ya watu walio katika daftari lake, nao hupokea pamoja naye mkate ule mmoja. Ndugu, kabla ya kuijia Meza ile, tupite kwanza kwenye meza yake.

Maswali ya kujifunza:
1. Ni jirani yupi umwambiaye "Kesho" juma hili?
2. Usharika wenu hununua wapi vitu vyake, na kwa nini huko?
3. Ni "chombo" gani ulicho nacho cha kumwazima mchuuzi mdogo?