Uvimbe Usiouma Usifichwe

Kijana wa Mikinduri akianguka mtini achumapo miraa, akavunjika mkono, hupelekwa hospitali siku ile ile. Lakini akiona uvimbe usiouma katika korodani moja, huenda akanyamaza kwa haya. Na uvimbe huo waweza kuwa saratani, yaani kansa.

Ugonjwa huu ni nadra kwa Waafrika, nao huwapata hasa vijana. Hauambukizi, wala si laana. Aliyezaliwa na korodani isiyoshuka yumo katika hatari zaidi. Kwa hiyo ikiwa haijashuka mtoto atimizapo miezi 6, mzazi amwone daktari.

Daktari huiondoa korodani yenye ugonjwa, na pengine hutia dawa mshipani. Zamani, ugonjwa ukishaenea mwilini, wengi walikufa. Mwaka 1974 Dakta Lawrence Einhorn wa Indiana, Marekani, alianza kuwatibu wagonjwa wake kwa dawa ya sisplatini pamoja na nyingine, na wengi wakapona. Leo wanaotibiwa mapema hupona zaidi ya 9 katika kila 10, na kwa kawaida korodani iliyobaki yatosha kumpatia mtu watoto.

Basi aonaye uvimbe asingoje maumivu. Aende hospitali upesi. Mficha uchi hazai.