Mate Mazito Katika Mbio

Mheshimiwa Mshauri, mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Tanga, na umri wangu ni miaka 46. Tangu mwaka jana hukimbia kila alasiri baada ya kazi, kutoka Chumbageni hadi Raskazone na kurudi. Tangu kaskazi kuanza, nikishapita kilomita moja tu mate hunijaa kinywani, mazito, yenye kuvutika kama mlenda, na kooni nikahisi kama nimekabwa. Nikiyameza hayaendi, nikiyatema hayakatiki. Juzi niliyatema mbele ya baraza la wazee, nao wakanitazama mpaka nikatamani ardhi ipasuke. Mke wangu asema hiki ni kifua kikuu, nami nimeacha kukimbia. Je, haya ni maradhi?
Mwalimu, Tanga

Ndugu Mwalimu, barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja, kwani hofu iliyomo ni hofu ya watu wengi waanzao mbio ukubwani, nao aghalabu huificha kwa kuona haya, hata siku moja viatu vikasukumwa uvunguni na mtu akarejea kukaa kitako. Nakusihi usiwe miongoni mwao. Kwa jinsi ulivyoeleza, mate hayo yatoka kinywani wala si kifuani, nayo ni jambo la maumbile kuliko kuwa ugonjwa. Ila neno lako la kukabwa limenishughulisha, na nitalifikia.

Kinywa cha mwanadamu hutoa mate kiasi cha lita moja kwa siku, kutoka jozi tatu za tezi kubwa, moja mbele ya masikio, ya pili chini ya taya na ya tatu chini ya ulimi, pamoja na tezi ndogo ndogo zilizotapakaa midomoni na mashavuni. Tezi hizi zaendeshwa na mishipa ya fahamu ya namna mbili: ile itawalayo mwili ukiwa katika utulivu, kama mtu akaapo mbele ya chakula, ambayo hutoa mate mengi mepesi, na ile iuamshayo mwili wakati wa hofu au kazi nzito, ambayo hutoa mate machache yenye ute mwingi, na ute huo ndio unaoyafanya yavutike. Mkimbiaji, madhali moyo wamwenda mbio na jasho lamtiririka, yumo chini ya amri ya mishipa hii ya pili. Fauka ya hayo, mtu aliyetulia barazani huvuta hewa takriban lita 6 kwa dakika, ilhali akimbiaye kwa nguvu aweza kupitisha lita 100 na kuzidi. Pua, ambayo Mola ameiumba iipashe hewa moto, iitie unyevu na kuichuja vumbi, haiwezi kuubeba mzigo huo peke yake. Basi kinywa hufunguka, na hewa ikipita juu ya mate yale machache huyanyonya maji yake, ukabaki ute mtupu. Nawe watoka alasiri, katika jua la kaskazi, baada ya kutwa nzima ya kusomesha kwa sauti kuu. Ningestaajabu lau mate yako yangebaki mepesi.

Nasaha yangu ya kwanza ni mwendo. Taabu iangukayo katika kilomita ya kwanza aghalabu humpata mtu atokaye mlangoni kwa kasi, mwili ukiwa bado haujajiandaa. Tembea kwanza dakika 5, kisha kimbia taratibu dakika 10 nyingine ukivuta pumzi kwa pua kadiri uwezavyo, na ulimi wako uwe ndio mizani: ukiweza kusema sentensi nzima na kuimaliza bila ya kutweta, mwendo wako ni wa haki, ukishindwa, punguza, na asikuhimize mtu.

Maji nayo yaanze asubuhi, kidogo kidogo, hata mkojo uwe wa manjano hafifu. Kinywa kilichokwisha kukauka hakiokolewi na chupa moja inywewayo mlangoni. Njiani chukua kichupa chenye maji na matone machache ya ndimu, kwa kuwa uchachu huyaamsha mate mepesi. Piga funda, lisukutue mpaka nyuma ya ulimi, uliteme, kisha umeze jingine dogo. Wala usinywe kupita kiu. Katika mbio ndefu za Boston za mwaka 2002 wakimbiaji 488 walipimwa damu walipofika mwisho, na asilimia 13 yao walikutwa chumvi ya damu imepungua kupita kiasi, hasa waliokunywa hata wakaongezeka uzito njiani, na hali hiyo huweza kuua. Soda iache nyumbani, kwani sukari yake huzidisha unato.

Sijui kama hunywa chai ya maziwa kabla ya kutoka, ila walimu wengi niwajuao hawaikosi. Wapo waaminio kwamba maziwa huzalisha makohozi. Mwaka 1990 watafiti wa Australia walitangaza matokeo ya watu 60 waliokubali kuambukizwa mafua, na unywaji wa maziwa haukuonekana kuwaongezea kamasi hata kidogo. Hata hivyo maziwa yakichanganyika na mate huacha utando kooni, na kwa mkimbiaji utando huo ni kero tosha, basi chai hiyo ingoje urudi. Chakula kizito kitangulie kwa saa mbili au tatu, maana tumbo lililojaa likitikiswa hupandisha uchachu hadi kooni, mtu akawa hana budi kukikohoakohoa asichokiona.

Ama wazee wa baraza, wao wana haki yao. Njia ni ya watu wote, na mtema mate huwaachia wenziwe uchafu wake. Tia leso mfukoni, au jongea kando penye mchanga pasipo na mtu. Na ukipita tena, simama uwaamkie na kuwaomba radhi.

Sasa hilo la kukabwa. Tazama mwenyewe kwa makini: ikiwa koo hufunguka mara tu unaposukutua na kutema, basi ni ute, na shauri limekwisha. Lakini ikiwa ni kubanwa au uzito ujao kwa juhudi na kuondoka kwa mapumziko, iwe kooni, tayani, kifuani au mkononi, usikimbie hata hatua moja kabla hujaonana na tabibu, kwani moyo usiopata damu ya kutosha huweza kulalamika mahali hapo hapo, na mtu wa miaka 46 hana ruhusa ya kulipuuza. Kadhalika, kifua kikilia kwa mluzi au kikohozi kikikushika dakika chache baada ya kusimama, huenda ikawa ni pumu, nayo ina dawa.

Mkeo ana sababu ya kuhofu, na hofu yake ni mapenzi. Kifua kikuu hujulishwa na kikohozi cha wiki mbili na zaidi, homa, jasho la usiku, kukonda, au damu katika makohozi. Wewe hukutaja hata moja. Likitokea mojawapo, makohozi hupimwa bila malipo katika hospitali za serikali. Vivyo hivyo sauti ikikwaruza kwa zaidi ya wiki tatu, au chakula kikikwama kikimezwa, usingoje.

Nakuomba basi uende hospitali wiki hii pamoja na mkeo, upimwe shinikizo la damu na moyo, naye ayasikie majibu kwa masikio yake. Ukiambiwa u salama, vaa viatu vyako uanze upya, polepole.