Dondoo muhimu: Mkate wa karanga usio na ngano
Gluteni imo kwenye ngano na shayiri; mahindi na muhogo havina. Changanya vikombe 2 vya unga wa mahindi na 1 cha muhogo, ndizi 3 zilizoiva hadi kupiga weusi, mayai 3, hamira, karanga na mbegu za maboga zilizokaangwa. Usikande: mimina maziwa vuguvugu mpaka mchanganyiko uwe mzito kama uji. Baridi ya jioni katika eneo la Lushebere huchelewesha hamira, basi weka sufuria yenye mchanganyiko karibu na mbabula (jiko la makaa) ili uumuke. Oka kwa makaa machache chini, mengi juu ya kifuniko.

Karanga zenye ukungu zitupe, usizionje. Na kama nyumbani yumo mgonjwa wa siliaki (asiyeweza kula gluteni), tafadhali usisagishe unga kwenye mashine iliyotoka kusaga ngano: mabaki kidogo tu humdhuru.