Ukiwasimulia vijana kisa cha Waridi Jeupe

Umepewa saa moja na darasa la kipaimara, mada ni ujasiri wa imani. Chukua kisa cha Weiße Rose, yaani Waridi Jeupe: wanafunzi wa chuo kikuu cha Munich waliompinga Hitler kwa vipeperushi mwaka 1942 na 1943.

Usianzie kwenye kifo. Anza na Hans Scholl na mdogo wake Sophie wakiwa bado mashabiki wa Hitler. Walijiunga na umoja wake wa vijana huku baba yao hataki, na wote wawili wakapewa uongozi. Vijana wako watashtuka, na hapo umewapata. Mtu aliyezaliwa mtakatifu hamsaidii sana kijana wa kidato cha pili.

Kisha sema kwamba baadaye walimgeuka, uingie kwenye kazi yenyewe ya vipeperushi, na hapa usiwe na haraka. Eleza mashine ya kudurufu iliyozungushwa kwa mkono usiku. Stempu zilinunuliwa chache chache, posta hii na ile, maana anayenunua nyingi kwa mkupuo wakati wa vita anaulizwa za nini. Vipeperushi vilipandishwa treni vikatumwa kutoka miji mingine, ili Gestapo, polisi wa siri wa Hitler, wasijue vinakotoka. Simama uulize: "Wewe ungeshika kazi gani hapa?" Nyamaza wajibu. Kuna mkimya wa nyuma atakayesema angebandika stempu. Mpokee vizuri, hata hilo lingeweza kumpeleka mtu gerezani, au pabaya zaidi.

Imani isingoje sala ya kufunga. Ipachike humo humo. Sophie alikuwa Mlutheri, na kati ya wenzake wa kikundi, Willi Graf alikuwa Mkatoliki aliyekataa kabisa umoja wa vijana wa Hitler, Alexander Schmorell Muorthodoksi. Mwenzao mwingine, Christoph Probst, baba wa watoto watatu, alibatizwa saa chache kabla ya kuuawa. Kama kikundi chako kina madhehebu mchanganyiko, jambo hili pekee litawapa mazungumzo ya kutosha. Ongeza kipeperushi cha pili: kilisema wazi kwamba Wayahudi 300,000 wameuawa Poland, wakati wengi walichagua kutouliza.

Ubaoni andika tarehe mbili tu. Tarehe 18 Februari 1943, Hans na Sophie walisambaza vipeperushi chuoni, mtunza jengo akawaona, wakakamatwa. Tarehe 22 walihukumiwa na kukatwa vichwa siku hiyo hiyo. Sophie alikuwa na miaka 21, Hans 24. Probst alikufa nao. Sema hivyo, nyamaza kidogo, endelea. Wakiomba kuigiza gilotini, kataa.

Atatokea mmoja wa kuuliza: "Sasa walipata nini? Si vita viliendelea?" Ni swali zuri, usilizime kwa mstari wa Biblia. Waambie kipeperushi cha sita kilivushwa kwa siri hadi Uingereza, na katikati ya 1943 ndege zikamwaga nakala zake juu ya miji ya Ujerumani. Halafu waache wabishane kama hilo linatosha. Wewe usiwe hakimu.

Filamu ya "Sophie Scholl – Die letzten Tage" ya mwaka 2005 ni nzuri, ila ni ya Kijerumani na inachukua karibu saa mbili. Iwekee siku yake, tafuta nakala yenye maandishi chini, na uitazame kwanza peke yako.